Mila, Sultani na Hati: Sheria za Jadi katika Mfumo wa Sheria wa Kongo, kwa Kuzingatia Ituri

Sheria ya ardhi iliyotiwa sahihi huko Zaire tarehe 20 Julai 1973 ina vifungu vitatu vifupi ambavyo msomaji mwenye haraka huweza kuvipita bila kuvitilia maanani. Kifungu cha 387 kinatamka kwamba ardhi inayokaliwa na jamii za wenyeji imekuwa mali ya dola. Kifungu cha 388 kinaeleza ardhi hiyo ni ipi: ni ile ambayo jamii hizo zinaishi, zinalima au kuitumia kwa namna nyingine yoyote, mtu mmoja mmoja au kwa pamoja, kwa kufuata mila na desturi za mahali. Kifungu cha 389 kinaahidi kwamba haki za matumizi zilizopatikana kihalali katika ardhi hiyo zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Amri hiyo ikangojewa. Vita vilipozuka katika wilaya ya Djugu, kaskazini ya mji wa Bunia, mwaka 1999, zaidi ya robo karne ilikuwa imepita na amri ilikuwa bado haijatolewa.

Makala haya yanafuatilia asili ya pengo hilo. Kwa kawaida suala la nafasi ya sheria za jadi katika sheria ya taifa huulizwa hivi: je, mila itambuliwe na dola au isitambuliwe? Historia ya Ituri inaonyesha kwamba swali hilo halifai kuwa la kwanza. Mila imekuwa ikitambuliwa rasmi nchini Kongo tangu mwaka 1886. Linalopaswa kuchunguzwa ni kitu gani hasa kilichotambuliwa kwa jina hilo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba dola ya kikoloni, na ile iliyoirithi, ilimtambua sultani na mpaka wake, lakini mila yenyewe, na hasa mila ya ardhi, ikaachwa bila mahali pa kusimama.

Hukumu kabla ya mipaka

Wilaya tano za Ituri, yaani Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa, zinakaliwa na Walugbara, Waalur, Walendu, Wahema, Wabira, Wanyali, Wandookebo, Wambuti na wengineo. Lugha zao hazina asili moja: ziko za Kibantu, za Kiniloti na za Sudani ya Kati. Hata hivyo, watu hawa hawakuishi kila mmoja katika ua wake. Wahema wa kaskazini, ambao wazee wao walitoka upande wa Bunyoro, waliiacha lugha yao wakazungumza Kilendu. Wenzao wa kusini walibaki na lugha iliyo karibu sana na Kinyoro. Jamii inayofikia hatua ya kulea watoto wake kwa lugha ya jirani haiwezi kuwa imeishi naye kwa kutazamana kwa mbali tu. Mkulima wa Kilendu na mfugaji wa Kihema walibadilishana nafaka na maziwa, na pia waligombana, waliibiana na kuuana. Mtu asidhani kwamba enzi hiyo ilikuwa ya amani tupu.

Maelezo mazuri zaidi kuhusu namna hukumu ilivyopatikana katika mazingira hayo yanatoka upande wa Mahagi. Aidan Southall, katika kitabu chake Alur Society kilichochapishwa mwaka 1956, alieleza jinsi watoto wa watawala wa Kialur walivyokwenda kukaa miongoni mwa Walendu na Waokebo, na jinsi ambavyo mara nyingine wenyeji wenyewe ndio waliowaomba waje. Mgeni huyo alithaminiwa kwa mambo mawili: aliaminiwa kuwa na uwezo juu ya mvua, na, kwa kuwa hakuwa wa ukoo wowote kati ya zile zilizogombana, aliweza kukaa katikati ya wenye kudaiana damu. Ukoo uliokuwa umechoka kulipiza kisasi ulipata njia ya kuacha bila aibu. Kwa upande mwingine, mgeni huyo alidai ushuru na kazi, na wajukuu wake walikuja kuwa watawala. Jambo la kuzingatia ni kwamba mamlaka yake yalikuwa juu ya shauri na watu waliolileta. Ardhi ilibaki kwa koo zilizoifyeka kwanza.

Kuhusu ardhi yenyewe, kanuni iliyoenea kwa jumla katika sehemu hizo ilitofautisha mwenyeji na mgeni bila kumnyima mgeni haki. Ukoo wa kwanza ulimpa anayekuja mahali pa kulima au kulisha, naye akatoa zawadi za kutambua aliyempokea. Aliweza kukaa, kurithisha watoto wake na kuzikwa hapo. Hakuweza kuuza. Haki yake ilidumu kadiri uhusiano ulivyotunzwa, na kwa hiyo mgogoro wa shamba ulikuwa kwa kweli mgogoro wa uhusiano, nao ulitatuliwa kwa maneno, kwa mbuzi au kuku, na kwa kula pamoja.

Katika msitu wa Mambasa hali ilikuwa tofauti kabisa. Wambuti, ambao Colin Turnbull aliishi nao karibu na Epulu na kuwaeleza katika kitabu chake The Forest People cha mwaka 1961, hawakuwa na mtawala wala mwamuzi. Mkosaji alifanyiwa dhihaka mbele ya kambi nzima mpaka akaona haya. Ugomvi uliozidi ulipozwa kwa familia moja kufungasha na kuhamia kambi nyingine. Hii nayo ni sheria, kwa kuwa ilijua kosa ni nini na ilikuwa na njia ya kulimaliza. Kilichokosekana ni mtu wa kuvishwa nishani.

Nishani na ramani

Amri ya tarehe 14 Mei 1886, iliyotolewa katika mwaka wa kwanza wa Dola Huru ya Kongo, iliagiza kwamba pale ambapo jambo halikupangwa kwa sheria iliyoandikwa, mahakimu wahukumu kwa kufuata desturi za mahali, misingi ya jumla ya sheria, na haki. Kwa maneno hayo mila iliingia katika sheria ya nchi mapema sana. Lakini iliingia kwa mlango wa nyuma, kama kiraka cha kuziba mahali ambapo mtunga sheria hakufika.

Hatua ya pili ilikuwa kumpata mtu wa kuisemea mila hiyo. Amri ya tarehe 6 Oktoba 1891 iliweka utaratibu wa kuwatambua watawala wa wenyeji, nao wakapewa nishani ya kuvaa kifuani. Amri ya tarehe 2 Mei 1910, baada ya Ubelgiji kuichukua nchi, ilienda mbali zaidi. Iliagiza kwamba nchi yote igawanywe katika maeneo ya utawala wa jadi, yale ambayo Kifaransa kiliyaita chefferies na ambayo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimeyaita usultani, na kwamba kila Mwafrika awe wa eneo mojawapo. Tangu hapo haikuwezekana, mbele ya sheria, kuwa mtu wa huku na wa huko. Familia ya Kilendu iliyokuwa na mashamba katikati ya malisho ya Wahema, au ya Kihema iliyolisha ng'ombe katika vilima vya Walendu, ilitakiwa kuwa na sultani mmoja na kuandikwa katika daftari moja.

Mwanzoni Wabelgiji walielekea kuwaweka watawala wa Kihema juu ya Walendu, kwa kuwa waliona kwa Wahema utawala wa ngazi walioweza kuuelewa, ilhali kwa Walendu waliona koo nyingi zisizo na mkuu. Mwaka 1911 Sultani Bomera, Mhema, aliuawa na Walendu wa kusini. Serikali ilijibu kwa kuwatenganisha: katika miaka iliyofuata Walendu walipewa masultani wao na maeneo yao, Wahema vivyo hivyo. Majina yaliyobaki katika ramani ya Djugu na Irumu ni ushahidi wa kazi hiyo: Walendu Pitsi, Walendu Djatsi, Walendu Tatsi, Walendu Bindi, Bahema Nord, Bahema Sud, Bahema Boga. Kila jina ni la watu na la mahali kwa pamoja. Nia ya kuwatenganisha huenda ilikuwa njema. Waliokuwa wakitawaliwa na Bomera hawakuhuzunika. Lakini watu hawakuhamishwa wote kwa kufuata mistari, na mistari haikupindwa kuwafuata wote. Aliyejikuta upande wa jina lisilo lake aligeuka mgeni mahali alipozikwa babu yake, na safari hii ugeni wake ulikuwa wa karatasi, ambao haukuweza kumalizwa kwa mbuzi.

Amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ilikamilisha jengo hilo kwa kuunda mahakama za wenyeji. Sultani aliketi kama hakimu katika eneo lake, na juu yake ilikuwepo mahakama ya wilaya chini ya msimamizi wa Kibelgiji. Mila ilitumika mradi isipingane na sheria iliyoandikwa wala na utulivu wa umma. Kutokana na mahakama hizo ilizaliwa elimu nzima. Kuanzia mwaka 1933 jarida la sheria za kimila lilichapishwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, chini ya uongozi wa Antoine Sohier, mwanasheria aliyeamini kwa dhati kwamba mila za Kongo ni sheria zinazostahili kusomwa kama sheria nyingine yoyote. Mtu huyu hastahili kulaumiwa kwa dharau, hakuwa nayo. Tatizo lilikuwa katika chombo chenyewe. Baraza la wazee lilitafuta maneno ambayo pande zote mbili zingeweza kwenda nayo nyumbani. Daftari la mahakama lilihitaji mshindi, mshindwa na kanuni ya kunukuu katika kesi ijayo.

Hapa inafaa kusema neno juu ya lugha, kwa kuwa jarida hili ni la lugha. Mjini kama Bunia, ambako watu wa lugha nyingi hukutana, shauri la mila hupita katika vinywa vitatu. Hufikiriwa kwa Kilendu, Kihema, Kialur au Kibira. Husemwa kwa Kiswahili ili mwamuzi na upande wa pili waelewe. Huandikwa kwa Kifaransa. Katika safari hiyo Kiswahili kina maneno mengi ambayo Kifaransa cha sheria kinayaweka katika kikapu kimoja cha coutume: mila, desturi, ada, mazoea, wasia wa wazee. Kina pia tofauti kati ya mwenye shamba na mwenye nchi, yaani yule anayelima na yule ambaye ukoo wake ulifungua mahali. Karani akiandika propriétaire kwa wote wawili, kesi imeshahukumiwa kabla hakimu hajafungua kinywa. Wanafunzi wa tafsiri wamejishughulisha sana na riwaya na vitabu vya dini. Madaftari ya mahakama bado yanawangoja.

Dola mpya, pengo la zamani

Baada ya uhuru, Bunia ilikuwa kwa muda, kuanzia 1962 hadi 1966, makao makuu ya mkoa mdogo wa Kibali-Ituri. Mahakama za kimila ziliendelea. Mwaka 1968 serikali ya Mobutu iliamua kuunganisha mahakama zote na kuzifuta zile za kimila kidogo kidogo kwa kuanzisha mahakama za amani. Sheria ya tarehe 31 Machi 1982 ilirudia nia hiyo, lakini ikaziacha mahakama za kimila zidumu mahali ambapo mahakama ya amani haijafika. Katika nchi yenye ukubwa ule na hazina ile, kifungu cha mpito kiligeuka kuwa utaratibu wa kudumu. Mwananchi wa Djugu aliyetaka kukata rufaa kutoka mahakama kuu ya Bunia alitakiwa kwenda Kisangani, umbali wa kilomita zipatazo 700.

Katika mambo ya ndoa na urithi, Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilifanya kazi ya wazi. Ilichukua mahari kutoka katika mila na kuifanya sharti la ndoa kwa Wakongo wote. Ikakataa mila katika urithi kwa kuwapa watoto wote, wa kiume na wa kike, fungu lililo sawa. Mtu anaweza kuikubali au kuipinga, lakini anajua inasema nini.

Katika ardhi haikuwa hivyo. Sheria ya mwaka 1966 iliyojulikana kwa jina la Bakajika iliirudishia dola umiliki wa ardhi yote, kwa lengo la kuzipokonya kampuni za kikoloni. Sheria ya 1973 ikathibitisha kwamba udongo wote ni mali ya dola pekee. Njia ya uhakika ya kupata haki juu yake ikawa hati ya usajili, na hati hiyo, miaka miwili ikipita bila kupingwa mahakamani, haikuweza tena kubatilishwa. Mtu aliyejua njia ya kwenda ofisini aliweza kuandikisha ardhi yenye watu, akanyamaza miaka miwili, kisha akaja na askari. Mkulima aliyekuwa akilima hapo hakupewa habari kwa lugha yake wala mahali alipo. Na kama angepata habari, haki yake ilikuwa ile ya kifungu cha 389, inayongoja amri.

Novemba mwaka huo huo wa 1973 mashamba na biashara za wageni ziliamriwa kukabidhiwa kwa Wazaire. Nyanda za juu za Djugu na Irumu zilikuwa na mashamba makubwa ya Wazungu ya mifugo na kahawa. Mengi yalichukuliwa na familia chache za Kihema zilizokuwa na elimu ya misheni, fedha na marafiki serikalini. Ni lazima kusisitiza neno hilo chache, kwa sababu Wahema wengi hawakupata hata pembe ya ng'ombe, ingawa baadaye walilipia mashamba hayo kwa damu yao. Kwa Walendu, mpaka uliochorwa baada ya Bomera ulisema kwamba nchi ni yao. Hati iliyotoka ofisini ilisema kwamba shamba lililo ndani ya nchi hiyo ni la mwingine. Karatasi zote mbili zilitoka kwa dola ile ile.

Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Kinshasa iliamua kwamba, kwa kuwa amri iliyoahidiwa haijatolewa, haki hizo ziendelee kuongozwa na mila. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini ulimrudisha mwananchi kwa sultani, na sultani alikuwa sehemu ya ugomvi. Mwaka 1999, katika eneo la Walendu Pitsi, jaribio la wenye mashamba wachache wa Kihema la kupanua mipaka yao kwa msaada wa maofisa liliwasha moto. Wakati huo Ituri ilishikiliwa na jeshi la Uganda, na silaha zilipatikana kwa urahisi kuliko hakimu. Kufikia mwaka 2003, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa na nusu milioni wamekimbia makwao.

Katika mwaka huo huo wa 1999, ng'ambo ya maziwa, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo inatamka kwamba haki ya kimila ya kumiliki ardhi ina hadhi sawa na haki iliyotolewa na serikali. Tanzania ilikuwa imeondoa uchifu tangu 1963. Huko mila ya ardhi ilibaki na chifu akaondoka. Kongo ilimbakiza sultani na kuiacha mila ya ardhi ikining'inia. Sheria ya Tanzania ina kasoro zake, na migogoro ya wakulima na wafugaji wa Kilosa inazijua. Lakini mwanakijiji wa huko anayo ibara ya kuonyesha kidole.

Baada ya moto

Aprili 2003 Tume ya Kuituliza Ituri ilikutana Bunia na kuunda utawala wa mpito. Mwanzoni mwa 2004 mahakama ya mji ilifunguliwa tena kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Mashauri ya ardhi yalikuwa mengi kuliko uwezo wake, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 2000 ikawepo Tume ya Ardhi ya Ituri, iliyopeleka wapatanishi vijijini kukaa na wazee wa pande zote mbili, kutembea mpakani na kuandika walichokubaliana. Kwa namna fulani huo ulikuwa ni urejeo wa yule mwamuzi mgeni wa Southall, safari hii akiwa na kalamu. Udhaifu wake ulikuwa ule ule: nguvu yake ilitoka kwa waliokubali kuja.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaheshimu mila kwa maneno mazito. Kifungu cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kifungu cha 153 kinaziruhusu mahakama kuitumia mila isiyopingana na utulivu wa umma na maadili mema. Kifungu cha 207 kinayatambua mamlaka ya kimila. Kati ya vifungu hivyo, kilichopata upesi sheria yake kamili ni kile cha mwisho: sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 kuhusu hadhi ya watawala wa kimila. Utaratibu wa 1891 unaonekana hapo tena. Wambuti walisubiri hadi tarehe 15 Julai 2022 ndipo sheria ya kulinda haki za Wambilikimo ikatiwa sahihi, miaka mia moja na kumi na miwili baada ya amri iliyomtaka kila mtu awe na sultani.

Vurugu zilirudi Djugu kuanzia Desemba 2017. Mei 2021 mkoa uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Mashauri ya ardhi yakabaki kwa raia. Lakini ushahidi wa mashauri hayo hauko katika majalada. Uko katika mti wa mpakani, kijito, kaburi la babu, na kumbukumbu ya mzee anayeweza kusimama hapo na kueleza nani alimpokea nani. Wengi wa wazee hao wamekaa miaka katika kambi za wakimbizi. Watoto waliozaliwa kambini hawajawahi kuuona mti huo, na hati ya usajili, popote ilipohifadhiwa, bado inasomeka vizuri.